Foki Nyeusi Mikononi mwa Mkwe

Ilikuwa ule mwaka ambao ng'ambo ya mpaka mvua ilikataa kabisa, mahindi yetu yakavuka kwenda Zambia kwa malori, kwa mikokoteni, kwa baiskeli, kwa vichwa vya akina mama, mpaka sisi tulioyalima tukabaki kulamba midomo. Hapa Tunduma asubuhi tulikula viazi vitamu, mchana ndizi za kupika, jioni uji wa ulezi. Nyama nayo ilipopotea tukala chikanda, ile mizizi ya porini inayotwangwa na karanga ikapikwa ikakaza kama mkate. Ukiitia pilipili unajidanganya umekula maini. Ugali ulikuwa chakula cha wageni. Kwa hiyo mtu akiniuliza mjukuu wangu alianza lini mbio za baiskeli, mimi siangalii kalenda. Namjibu: mwaka wa ndizi.

Mwaka huo kila chenye tairi kilivusha mahindi. Mjukuu wangu naye akalitoa lile dude la chuma la marehemu babu yake, lililozoea kubeba kahawa, akafunga gunia nyuma, akaingia barabarani pamoja na wanaume. Mwanzo walimcheka.

"Dada, shuka usukume, utazaa kabla hujaolewa!"

Baada ya muda hawakuwa na pumzi ya kucheka, maana walikuwa wanautazama mgongo wake. Mguu alionao yule! Mfupi, mnene, mgumu kama mchi. Ni mguu wangu ule. Mama yake hakuupata, ulimruka. Nasema bila aibu: nilipokuwa mwali nilipanda milima ya kwetu Ileje na mtungi kichwani na mtoto wa dada yangu mgongoni, na wanaume ndio walioomba tupumzike.

Mjukuu huyo ni binti wa binti yangu. Nimemlea tangu anaota meno, kwa kuwa mama yake ana kibanda cha vitenge Nakonde, upande wa pili, na baba yake ni fundi pikipiki huko Mkwajuni kwa wachimba dhahabu. Namwita mke mwenza. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na babu akishakufa, mke mwenza anabaki wa kugombana naye tu.

Kule kuvusha mahindi ndiko kulikomfanya aonekane. Mwalimu mmoja wa mbio, anayefundisha wasichana huko Mbeya, alikuwa anapita na gari lake akamwona anawapita wanaume na gunia nyuma. Akasimama. Akamwambia kutakuwa na mashindano barabara kuu, kutoka Vwawa mpaka Mbalizi, na wasichana watakaofika mbele watachukuliwa kambini, watalala huko, watakula huko, watafundishwa. Mke mwenza aliniletea habari hiyo akitetemeka kama mtu aliyeitwa polisi. Shule ilimtema, vitenge vya mama yake havipendi, kuolewa hataki hata kusikia. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza duniani kilichomtaka yeye.

Basi akalipeleka lile dude la babu yake kwa wauza vya mtumba wa mpakani, wanaoshusha majokofu na viti vya ofisi vya Wazungu, akabadilishana nao kwa baiskeli ya mbio. Mimi nililia kidogo, si sana. Baiskeli yenyewe ilikuwa nzuri, tairi nyembamba kama bangili, lakini foki imepinda. Foki ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ikipinda, baiskeli inavuta upande mmoja kama ng'ombe asiyetaka jembe. Mwalimu wa Mbeya aliposikia akasema anayo foki nyingine, imetumika lakini nzima, ya watu wa mbio hasa. Akaituma kwa basi pamoja na bakuli zake za shingoni na gololi zake.

Furushi nililipokea mimi. Nikadhani tumeibiwa njiani, halina uzito. Nikalifungua uani, jirani yangu akaja. Huyu ni mjane mwenzangu, kwao ni ng'ambo, na hakuna furushi linalofunguliwa mtaa huu bila yeye. Akaiweka ile foki kwenye kiganja, akaipandisha, akaishusha.

"Awe, mayo," akasema kwa lugha ya kwao, yaani la hasha, mama. "Awe! Mama, hiki si chuma. Hiki ni kipepeo."

"Ni kaboni," akasema mjukuu wangu. "Ni nyuzi, bibi. Zimefumwa, zikashikwa na gundi. Hata kwenye ndege wanaweka."

"Basi ipelekeni kwenye ndege."

"Bibi!"

Nikaigeuza juani. Kweli, chini ya rangi nyeusi kulikuwa na mfumo, kama mkeka. Nikaigonga kwa ukucha. Nilitegemea sauti ya chuma, nikapata sauti ya mwanzi. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mianzi. Sauti hiyo naijua kuliko ninavyojua kusoma.

Sasa nani wa kuifunga? Mafundi baiskeli wa hapa wanajua chuma. Mwalimu alisema msichana aende nayo Mbeya siku moja kabla, amfungie mwenyewe. Lakini mke mwenza alikuwa ameshampigia baba yake, kwa furaha tu, kumsimulia. Na baba yake akasema, asiiguse mtu, nakuja.

Kwa hilo simlaumu. Yule ni mtu aliyekuwa mbali na mwanawe tangu mwana hajajua kumwita. Baba wa namna hiyo akipata kitu cha kumfanyia mwanawe, hata ukimwambia kisima kina nyoka atashuka.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wanalichekea. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawali pamoja, hawasemezani. Hakuna chuki hapo, ni heshima. Kuna siku ya kufunguliwa: mkwe analeta kuku na kitenge, wazee wanakaa, mnalishana tonge, na kuanzia hapo mnasalimiana kama watu. Siku yetu sisi iliahirishwa kwa msiba wa mume wangu. Ikaahirishwa tena kwa msiba mwingine. Halafu ikawa kama mlango ambao hakuna anayekumbuka ufunguo aliuweka wapi. Miaka yote hiyo namjua mkwe wangu kwa kisigino, kwa kikohozi na kwa mgongo. Akija naingia jiko la nje, nakaa nimeupa mlango ubavu. Jambo likibana, maneno yanapita kwa mtu wa tatu. Mtu akikosekana, hata kuku anafaa.

Alikuja na pikipiki, mfuko wa spana mgongoni. Nikaona kisigino kinapita, nikaingia jikoni. Akatandika gunia uani, akaipindua baiskeli, akaanza. Akaitoa foki iliyopinda. Akazigonga bakuli za zamani zikatoka. Baiskeli ina bakuli mbili shingoni, moja juu moja chini, ndani yake zinakaa gololi, ndizo zinazofanya usukani ugeuke laini. Mpya akaziingiza kwa kuweka kipande cha mbao na kugonga juu yake. Hapo sikusema kitu. Ile ni shingo ya fremu, ni nene, na marehemu mume wangu aligonga hivyo hivyo.

Halafu akaichukua ile nyeusi. Kuna pete ambayo inakaa chini kabisa ya foki, pale miguu inapokutana, gololi zipate pa kukalia. Pete ilikuwa inabana. Nikasikia ko! Nikasikia ko! ko!

"Kuku nyie," nikasema, nikiutazama ukuta, "mwambieni mwenye nyundo kwamba hicho si mpini wa shoka."

Kikohozi. Kisha sauti ikaja kutoka uani, ya heshima kabisa.

"Spana, mwambie mama kwamba pete haiingii kwa maombi."

Jirani yangu alikuwa uani kwake, ameegemea ua. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kuku, mwambieni kwamba yuko mwalimu Mbeya anayejua vitu hivi. Ana simu."

"Spana, mwambie mama kwamba nimeshusha injini za kila aina kule machimboni, na sijawahi kumpigia mtu simu kumuuliza."

"Kuku, mwambieni kwamba injini haina shingo."

"Bibi, jamani!" Huyo mke mwenza, katikati yetu, ameshika gololi kwenye kifuniko cha sufuria. "Mwacheni baba afanye kazi."

Pete ikaingia. Akapaka grisi, akapanga gololi, akaipitisha foki shingoni. Bomba lake likatokeza juu kupita kiasi, akalikata kwa msumeno wa chuma. Halikutoa chenga za kung'aa. Ulitoka unga mweusi kama masizi, mjukuu wangu akapiga chafya. Mpaka hapo nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi si kitu, mimi nina wasiwasi hata na mvua.

Ikabaki kufunga usukani. Usukani unakaa kwenye kibano, na kibano kinalikumbatia bomba la foki kwa boliti mbili. Kibano kilikuwa cha ile foki iliyopinda, kipana. Bomba jipya ni jembamba. Ukiingiza, linacheza.

"Nileteeni kopo," akasema mkwe.

Kila fundi baiskeli kuanzia hapa mpaka Hasamba na kurudi, kitu kikicheza anakata ukanda wa kopo anauzungusha, kinatulia. Kopo ndiyo dawa yetu ya kila kitu. Paa likitoboka, kopo. Taa ya mafuta, kopo. Jino ndilo tu hatujaliwekea kopo, nalo tungeweza tungejaribu. Mke mwenza akaingia jikoni, akachukua kopo langu la chumvi, akaimwaga chumvi kwenye sahani.

"Samahani bibi."

Hata mume wangu aliweka kopo. Nilisikia mkasi unalia, nikachungulia kidogo kwa pembeni, kwa mara ya kwanza nikavunja adabu. Nikaona mikono yake tu. Ukanda wa kopo uling'aa, kingo zake kali kama jani la mtete. Akauzungusha kwenye bomba jeusi, akazungusha, akazungusha, akavisha kibano juu yake, akaanza kukaza. Akakaza upande huu, akakaza upande ule. Akajaribu usukani, bado unacheza kidogo. Akasimama, akaegemea kwa bega, akakaza kama anavyokaza pikipiki ya mchimba dhahabu.

Tak.

Si kubwa. Sauti ndogo, kavu, ya ndani, kama mtu amevunja kidole chini ya blanketi.

Watoto wa Ileje tunafundishwa jambo hili kabla hatujafundishwa kusalimia. Mwanzi ukisema tak, usiupande tena. Utautazama huoni kitu. Utauning'inizia vibuyu mwaka mzima, utakaa kimya, utabeba. Halafu siku moja unaweka mguu wako, na mama yako anaitwa shambani.

"Mke mwenza," nikaita. "Njoo."

Akaja mlangoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

Nikamtazama. Nimemtazama mtoto huyu akidanganya kuhusu sukari, kuhusu shule, kuhusu kijana mmoja wa lori. Alikuwa amesikia.

"Nenda kamwambie baba yako, bibi anasema kitu kimepasuka humo ndani. Afungue, atoe hilo kopo, tuone."

Akaenda. Na masikio yangu mwenyewe, ambayo ni mazima kabisa, yakamsikia anasema: "Baba, bibi anasema asante kwa kazi."

Laiti mwiko wa kusongea ungekuwa karibu.

Halafu akaipanda. Akazunguka uani, akatoka barabarani, akapiga mzunguko mpaka kwenye maegesho ya malori, akarudi. Sijawahi kumwona hivyo. Uso ulikuwa umefunguka kama mlango wa kanisa siku ya harusi.

"Haivuti, bibi! Haivuti kabisa! Nikiwaza tu kukata kona, imeshakata!"

Majirani wakapiga vigelegele. Baba yake akawa anajifuta grisi taratibu, kidole kimoja kimoja, na mgongo wake, ambao naujua, ulikuwa umenyooka kuliko siku zote. Nami nimesimama nyuma ya mlango wa jiko na tak yangu mdomoni, kama mtu aliyeleta habari ya msiba akakuta watu wanacheza ngoma.

"Kuku," nikasema, "mwambieni afungue. Atazame tu. Kama ni nzima, nitaomba radhi mbele ya mtaa."

"Spana, mwambie mama ile ni gundi inajipanga. Kitu kipya lazima kijipange."

Kitu kipya! Kilikuwa kimetumika kabla hakijafika kwetu.

Nikaomba simu ya jirani, nikampigia binti yangu Nakonde. Nikamweleza yote, nyundo, kopo, sauti.

"Mama," akasema, "usimwaibishe mume wangu."

"Sijamwaibisha. Nasema na kuku tu."

"Amekuja mwenyewe. Hajabembelezwa. Unajua nimengoja kiasi gani aje amfanyie huyu mtoto kitu kwa mkono wake? Na wewe, mama, kaboni umeijulia wapi?"

"Siijui. Naijua ile sauti."

"Mama, una miaka mingi. Kila kitu kinakupigia sauti."

Akakata. Jirani akachukua simu yake akaifuta kwenye kitenge, hakunitazama. Alikuwa amesikia yote.

Jua lilipoanza kushuka mkwe alikwenda kuoga. Nikatoka jikoni nikaisogelea ile baiskeli. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, safi, imepakwa mafuta ya kupikia ing'ae. Nikashika usukani kwa mikono miwili kama unavyoshika pembe za mbuzi, nikavuta, nikasukuma. Ngumu. Haichezi. Nikainama nikatazama pale kwenye kibano. Ukingo wa kopo ulionekana kidogo, mng'ao mwembamba kama wa jino, chini yake weusi. Nikapitisha kidole. Laini. Hakuna ufa, hakuna kitu. Nikaigonga kwa ukucha, na sauti niliyoipata sikuielewa, maana chuma na kopo vilikuwa vimeishika kila upande. Nilijiona mjinga. Maisha yangu yote nimejua kitu kwa kukishika: unga mbichi, maharage yenye wadudu, tumbo la mimba limekaa vibaya. Hiki kilinikatalia. Na boliti zake hazina kichwa cha kushika kwa spana, zina kitundu katikati, chenye pembe, kinataka ufunguo wake.

Ufunguo alikuwa nao mke mwenza. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Bibi, usifungue."

"Hata ningetaka sijui pa kuanzia. Fungua wewe. Baba yako anaoga. Tutazame mimi na wewe, kisha tufunge, hatajua."

Akaugeuza ule ufunguo mkononi. Akausogeza kwenye kitundu. Nikaona unaingia. Akasimama hapo hapo, hakuuzungusha.

"Nikifungua nikakuta imepasuka," akasema, "sina foki. Sina mashindano. Sina pa kwenda, bibi, nitakaa hapa nivushe mahindi mpaka meno yadondoke. Nisipofungua, haijapasuka."

Ni wangapi mtaa huu wanakataa kwenda kupimwa kwa maneno hayo hayo, na nani amewahi kuwajibu?

"Utashuka Senjele na kitu hicho," nikasema.

Senjele ni mteremko ulio katikati ya njia yao. Malori yanashuka pale yananuka breki, na pembeni hakuna ua wa kukuzuia.

"Nitashuka," akasema, akautia ufunguo mfukoni.

Asubuhi ya mashindano jirani yangu alileta chikanda ya kukaanga. Nami nilikuwa nimeficha debe moja la mahindi tangu mavuno, nikampikia ugali, ugali kamili, katika mwaka ule. Alikula amesimama. Amevaa fulana aliyopewa na mwalimu, na kaptula ambayo katika ujana wangu isingetoka nje ya chumba. Miguu ile! Nilitaka watu wote waione. Nasema kweli yangu, nilikuwa na fahari. Nilikuwa naona mtu wangu anakwenda kuwashinda watoto wa mjini, na nilikuwa naona mama yake anaitwa kibandani. Vyote viwili kwa jicho moja.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliyotumwa kuwachukua ikapiga honi nje. Ndani walikuwemo wasichana wengine na baiskeli zao zimefungwa kamba. Mkwe akatangulia kwenda kufungua nafasi. Mke mwenza akaishika baiskeli, akaisukuma kuelekea kwenye uwazi wa ua.

Sikupanga. Mtu asiniambie nilipanga. Miguu ilitoka jikoni yenyewe, ikapita kuku, ikapita gunia lenye unga mweusi, ikasimama kwenye uwazi, na mikono ikashika gurudumu la mbele.

"Bibi, gari linangoja."

Mkwe aliposikia nyayo zangu karibu akageuka haraka akautazama ua, mgongo kwangu, kofia imeshushwa. Mtu mwenye adabu, hilo siwezi kumnyang'anya.

"Baba," nikasema. Si kwa kuku. "Geuka."

"Awe, mayo!" Jirani akajiziba mdomo.

"Geuka nikuone."

Hakugeuka upesi. Alivua kofia kwanza, akaishika kifuani kama yuko makaburini, ndipo akageuka. Nikashtuka. Ana macho ya mjukuu wangu. Yale yale, makubwa, yenye kope za ndama. Nimeyalea macho hayo miaka yote nikiwaambia watu ni ya ukoo wetu.

"Mama," akasema, anatazama miguu yangu, "umenivua nguo mbele za watu."

"Bora wewe uchi kuliko yeye sandukuni. Fungua kibano, nione."

"Nikifungua hapa gari litaondoka."

"Liondoke."

"Ni nzima, mama."

"Fungua."

Akaja karibu, karibu kuliko mkwe anavyotakiwa kuja, na akasema kwa sauti ambayo hata jirani hakuipata: "Mama, kama imepasuka, mimi ndiye niliyeipasua. Siwezi kufungua."

Hapo nikajua kwamba alisikia. Alisikia pale pale, bega lake likiwa juu ya ufunguo. Wote watatu tulisikia tak ile, na tangu jana tulikuwa tunapikiana, tunaandaliana maji ya kuoga, tunasifiana, kila mmoja ameifunika kwa kitu chake.

Dereva akapiga honi tena. "Mama mkubwa, tunachelewa! Wengine wamelipa mafuta!"

Mke mwenza akapiga magoti kwenye vumbi na fulana yake safi. "Bibi, nitashuka taratibu. Nakuapia. Senjele nitashika breki juu mpaka chini."

"Mashindano gani ya kushuka taratibu?"

"Basi nitashuka nisukume! Nitatembea!"

"Hutatembea. Nakujua. Ukiona mgongo wa mtu mbele yako hutatembea."

Akaanza kulia, kilio cha hasira, cha kamasi. Wale wasichana kwenye gari wakatazama pembeni. Nami nilijua kwamba huenda ni gundi. Nilijua, hata wakati huo huo mikono imeshika tairi. Huenda ilikuwa gundi inajipanga kama alivyosema, huenda ilikuwa kopo langu la chumvi lenyewe limelia, na mimi ni kizee kimoja chenye madarasa mawili kinachomfungia mtoto mlango pekee uliowahi kufunguka. Sina macho ya kuona ndani ya kitu cheusi. Mpaka leo sijui. Ningekuwa na neno la kitaalamu ningelisema, ningekuwa na nguvu ningeivunja ile baiskeli yote mara moja tumalize. Nilikuwa na uzito wangu tu, na nimesimama.

"Haitoki hapa," nikamwambia. "Unichukie mpaka nife, haitoki hapa."

"Mama, mwachie," akasema mkwe.

"Mayo, mwachie mtoto," akasema jirani, naye analia, sijui analilia upande gani.

Dereva akawasha gari. Mjukuu wangu akanyanyuka, vumbi magotini, akaweka mikono yake juu ya yangu pale kwenye tairi. Hakunivuta. Angeweza, ana mikono ya kuvusha magunia. Aliiweka tu, akaniita bibi, akasema naomba, polepole, kama alivyokuwa akiomba sukari alipokuwa mdogo.

Nikamjibu yale yale, sikuongeza wala sikupunguza.

"Haitoki hapa. Unichukie mpaka nife, haitoki hapa."